Kahawa ya mbuni: Kwetu ni makapi, Ethiopia ni lulu

MKULIMA wa Nyeri au Kisii akikuambia kwamba kahawa yake ya msimu huu imeishia kuwa mbuni, usimpongeze. Mpe pole. Katika lugha ya viwanda vya kahawa humu nchini, mbuni ni ile kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake: matunda yaliyopitiliza kuiva, yaliyoshikwa na ugonjwa, au yaliyokung'utwa mtini mwisho wa msimu ili mti upumzike. Bei yake huwa chini kabisa ya orodha.

Sasa vuka mpaka pale Moyale ufuate barabara ya kaskazini hadi nyanda za juu za Guji, Gedeo na Sidama. Huko utakuta kahawa iliyokaushwa vivyo hivyo, na ganda na nyama yake, ikilindwa kama dhahabu. Wanunuzi wa Japani, Marekani na Ulaya huigombea, nao wanywaji hulipa bei ambayo mkulima wetu angeisikia kama ndoto.

Je, ni udongo? Ni hewa? Ni uchawi? Ukifuatilia safari ya tunda hilo tangu mtini hadi kikombeni, utaona kwamba jibu kubwa liko mikononi mwa watu.

NYUMBANI KWA MIBUNI

Wengi wetu tulifunzwa shuleni kwamba kahawa ililetwa Kenya na wamishonari mnamo 1893, ikapandwa Bura huko Taita. Hayo ni kweli, ila ni kituo cha mwisho cha safari ndefu mno.

Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia, katika maeneo kama Kaffa na Jimma, ambako mpaka leo mibuni huota yenyewe chini ya miti mikubwa. Kutoka huko ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Wafaransa nao wakaichukua Yemen katika karne ya 18 na kuipanda katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Mbegu yenye jina hilo la Bourbon ndiyo iliyokuja kuenea katika mashamba ya wamishonari wa Afrika Mashariki. Kwa hivyo kahawa ya jirani yetu ilizunguka bahari mbili ndipo ikatufikia.

Lugha zetu zinaikumbuka safari hiyo. Waethiopia huiita kahawa buna, Waarabu huita punje zake bunn, nasi Waswahili twasema buni, na mti wake mbuni.

Kuna hadithi maarufu ya mchunga mbuzi aitwaye Kaldi, aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu ya kichaka fulani. Ni ngano tu, lakini imesimuliwa sana hivi kwamba mikahawa mingi duniani imepewa jina lake.

Lisilo ngano ni hili: mashamba mengi ya arabika duniani, kuanzia Brazil hadi India, yametokana na miti michache iliyopitia Yemen. Ethiopia peke yake ina maelfu ya aina ambazo nyingine hazijapewa hata jina. Katika Gedeo wakulima hutaja Kurume, Dega na Wolisho, majina waliyoyachukua kutoka kwa miti ya asili ya huko. Mnunuzi wa kigeni hushindwa kuzitenganisha, akaziita zote kwa jumla mbegu za kienyeji.

BUSTANI, SI SHAMBA KUBWA

Ukidhani utakuta mistari mirefu iliyonyooka kama katika mashamba makubwa ya Thika au Kiambu, utashangaa. Kahawa nyingi ya Ethiopia hulimwa na wakulima wadogo wadogo. Nyingine huchumwa katika misitu yenyewe, nyingine katika misitu iliyopunguzwa matawi ili mwanga upenye, na nyingi hutoka katika bustani zilizo nyuma ya nyumba. Mashamba makubwa yapo, lakini si mengi.

Bustani ya Gedeo ni kama jengo la ghorofa. Juu kabisa kuna miti ya kivuli kama mringaringa. Chini yake kuna ensete, mmea unaofanana sana na mgomba ila hauliwi ndizi. Shina na kiazi chake ndivyo chakula. Chini ya ensete ndipo mibuni ilipo. Familia ikikosa bei nzuri ya kahawa, bado ina chakula. Mwaka 2023 UNESCO iliitia mandhari hiyo ya Gedeo katika orodha ya urithi wa dunia. Misitu ya Kafa na Yayu nayo ilitambuliwa mwaka 2010 kuwa hifadhi za viumbe.

Mashamba haya aghalabu huwa kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko juu usiku huwa na baridi, nalo tunda huchelewa kuiva. Kuchelewa huko ni faida, kwa maana punje hupata muda wa kukomaa na kuwa ngumu, na utamu na uchachu wake huongezeka. Tangu ua jeupe linukie hadi tunda liwe jekundu, hupita miezi saba hadi tisa. Mavuno makubwa huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Januari hivi.

UGONJWA ULIOTOKA KWETU

Ujirani una mazuri na mabaya. Mwaka 1922 ugonjwa wa kuoza kwa matunda ya kahawa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya. Kuvu anayeuleta anaitwa na wanasayansi Colletotrichum kahawae. Ndiyo, ni neno letu kahawa hilo, limevikwa joho la Kilatini.

Mwaka 1971 ugonjwa huo ulionekana Ethiopia, na miti mingi ikaanza kuangusha matunda meusi. Watafiti wa kituo cha Jimma, kilichoanzishwa mwaka 1967, waliingia misituni kutafuta miti iliyokuwa imesimama imara ilhali jirani zake zimeangamia. Walichukua mbegu zake, wakazijaribu, kisha wakawagawia wakulima. Ndiyo maana leo utasikia aina za kahawa zenye majina ya tarakimu kama 74110 na 74112. Hiyo 74 ni mwaka 1974.

Funzo hapa ni kubwa. Nchi nyingine zilipovamiwa na ugonjwa zililazimika kutafuta mbegu za kupandikiza kutoka mbali. Ethiopia ilitafuta dawa katika msitu wake yenyewe. Msitu huo ukifyekwa, hakuna atakayeweza kuurudisha.

KIKAPU CHA MCHUMAJI

Sasa tuje kwa lile swali letu. Ubora wa kahawa huanza mkononi mwa mchumaji. Matunda ya tawi moja hayaivi siku moja, hivyo mchumaji anayetaka kahawa ya kiwango cha juu hulirudia tawi mara kadhaa, akichuma mekundu tu na kuyaacha ya kijani. Aliye na haraka hukwanyua tawi zima kwa mkono mmoja. Kikapu hujaa upesi, lakini ndani yake mna mabichi, mabivu na yaliyooza.

Matunda hufikishwa kiwandani siku iyo hiyo. Huko huchambuliwa tena, kisha aghalabu hutiwa majini. Yaliyo mazima huzama, mepesi huelea na kuondolewa. Kuanzia hapo njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuosha, ambayo mkulima wa Kenya anaijua vyema. Mashine humenya ganda la nje, nazo punje zenye ute hulazwa ndani ya matangi kwa siku moja hadi tatu, kutegemea baridi ya mahali. Ute ukishalegea, punje huoshwa katika mifereji ya maji huku zikisukumwa kwa mbao, kisha huanikwa juu ya vitanda vya wavu kwa wiki moja au mbili. Kahawa iliyooshwa ya Yirgacheffe hunukia kama maua ya asumini, na ladha yake huwa nyepesi kama chai iliyokamuliwa limau.

Njia ya pili ndiyo kongwe. Tunda zima huanikwa juani bila kumenywa. Kwa wiki mbili hadi nne, punje hukaa ndani ya nyama yake tamu inayokauka polepole, na kikombe chake hutoka na harufu ya matunda yaliyoiva, kama forosadi au divai. Kahawa ya Harar, upande wa mashariki mwa nchi, imesifika kwa ladha hiyo kwa karne nyingi.

Msomaji, hapo umeshaona. Hiyo njia ya pili ndiyo mbuni wetu! Tofauti ni kwamba sisi hukausha kwa njia hiyo matunda yaliyokataliwa, nao hukausha yaliyochaguliwa. Matunda hutandazwa yasipandiane, hugeuzwa mara nyingi kwa siku, hufunikwa jua linapowaka sana na usiku umande unaposhuka. Kina mama hukaa kando ya vitanda saa nyingi wakiondoa lililovunjika au lenye doa. Mvua moja ikinyea matunda yasiyofunikwa, kuvu huingia na jasho la wiki tatu hupotea. Kazi huisha unyevu wa punje unapofika asilimia 11 au 12.

Tusidanganyane, si kila kahawa ya Ethiopia ni lulu. Iko nyingi iliyokwanyuliwa ovyo na kuanikwa chini udongoni, nayo huuzwa kwa bei duni kama ya mbuni wa kwetu. Jina la nchi halimsaidii mkulima mvivu.

ULIMI WA MWONJAJI

Mwaka 1974 mfanyabiashara wa kahawa nchini Marekani, Erna Knutsen, alianza kutumia jina la kahawa maalumu kwa zile punje ambazo mahali zilipoota huzipa ladha isiyopatikana kwingine. Jina hilo limekuwa na kanuni zake.

Kwanza ni macho. Gramu 350 za kahawa mbichi humwagwa mezani na kukaguliwa. Punje moja nyeusi kabisa au iliyochacha yatosha kuiangusha sampuli.

Kisha ni pua na ulimi. Kahawa huchomwa kidogo tu, isije ikawa nyeusi ikaficha kasoro zake. Husagwa na kuwekwa katika vikombe vitano, gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji. Mwonjaji hunusa unga mkavu kwanza. Maji ya nyuzi 93 hivi humiminwa, na baada ya dakika nne utando ulioganda juu huvunjwa kwa kijiko, mwonjaji akiwa ameinamia kikombe ili mvuke usimpite. Halafu huanza kuonja kwa kuifyonza kwa kishindo. Mtoto wako akinywa chai hivyo mezani utamkemea, lakini mwonjaji hufanya hivyo ili kahawa isambae ulimini kote na harufu yake ipande puani. Kikombe kikipoa huonja tena, kwa kuwa kahawa mbaya hujificha ikiwa moto.

Katika mfumo wa alama 100 uliotumika kwa miaka mingi, mwonjaji hupima mambo kumi, miongoni mwao harufu, ladha, uchachu, uzito mdomoni, utamu, na ladha inayobaki baada ya kumeza. Vikombe vitano huwekwa ili kuona kama vyote vinafanana, maana punje moja mbovu huharibu kimoja na kuacha vinne. Kahawa ikipata alama 80 au zaidi huitwa maalumu.

NANI ANAYEFAIDI?

Inakadiriwa kwamba watu milioni 15 nchini Ethiopia hutegemea kahawa kwa njia moja au nyingine. Ndiyo nchi inayoongoza Afrika kwa kuzalisha zao hili. Je, sifa hizo zote humfikia mkulima?

Jibu limekuwa likibadilika. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba kusajili nchini Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa mali yake, ili wanaoyatumia kuuza kahawa wakubaliane nayo kwanza. Wafanyabiashara wa kahawa wa huko walipinga. Mzozo ulipamba moto, na mwaka 2007 kampuni ya Starbucks ilitia saini mkataba wa kuyatambua majina hayo. Filamu ya Black Gold, iliyotoka mwaka 2006, nayo ilikuwa imewaonyesha watazamaji wa ng'ambo juhudi za Tadesse Meskela, aliyekuwa kiongozi wa muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa Oromia, kuwatafutia wanachama wake bei ya haki.

Mwaka 2008 soko la bidhaa la Ethiopia lilianzishwa likiongozwa na mwanauchumi Eleni Gabre-Madhin, na kahawa ikaanza kupitia humo. Mkulima aliweza kujua bei ya siku iyo hiyo, na malipo yakawa ya haraka. Hata hivyo kulikuwa na dosari: kahawa ilipangwa kwa eneo na daraja, ikachanganywa. Aliyechuma kwa uangalifu alichanganyiwa na jirani yake aliyekwanyua, na mnunuzi hakujua kahawa ilitoka kiwanda gani. Vyama vya ushirika viliruhusiwa kuuza vyenyewe, na mageuzi ya mwaka 2017 yakawafungulia wengine mlango wa kuuza moja kwa moja.

Matunda ya mageuzi hayo yalionekana mwaka 2020, Ethiopia ilipoandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya kahawa ya Cup of Excellence. Kahawa ya mshindi, mkulima wa Sidama, ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 180 kwa ratili moja. Ilikuwa kahawa ya kukaushwa na ganda lake. Naam, mbuni!

Bei kama hizo huwapata wachache. Huko Harar wakulima wengi wameng'oa mibuni na kupanda miraa, ambayo huleta pesa mara kadhaa kwa mwaka. Mkulima wa Meru hahitaji kuelezewa hesabu hiyo. Tena kuna hali ya anga: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature Plants ulisema kwamba kati ya asilimia 39 na 59 ya maeneo ya sasa ya kahawa nchini Ethiopia yaweza kuwa hayafai kwa zao hilo kufikia mwisho wa karne hii, iwapo hakuna hatua zitakazochukuliwa. Kahawa italazimika kupanda mlima, lakini mlima nao una kilele.

ABOL, TONA, BARAKA

Jambo moja linalowatofautisha Waethiopia na sisi ni kwamba wao hunywa wanachokilima. Karibu nusu ya kahawa yao hubaki nyumbani. Sisi huuza yetu ng'ambo tukanywa chai.

Kahawa ya Ethiopia hainywewi wima. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, huwasha ubani, huosha buni na kuzikaanga mbele ya wageni. Huupitisha moshi wake ili kila mmoja anuse, huzitwanga, kisha huzichemsha ndani ya jebena, chungu cha udongo chenye shingo nyembamba. Bisi hupitishwa. Kahawa humiminwa mara tatu kutoka kwa unga ule ule: ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza huwa ameikimbia baraka mwenyewe, na sisi tuna methali yetu kuhusu haraka na baraka.

Mgeni wa Mombasa hatajihisi mbali na kwao. Kahawa tungu humiminwa kutoka deleni katika vikombe visivyo na mkono, ikisindikizwa kwa kashata au haluwa, na mazungumzo ndiyo sukari yake. Huko Marsabit na Moyale, jamaa zetu Waborana hukaanga matunda mazima ya kahawa katika samli, mlo wa heshima na dua wanaouita buna qalla. Mila hiyo haikusimama mpakani.

JARIBU NYUMBANI

Si lazima uwe na cheti ili uonje kahawa. Nunua aina mbili za punje zilizochomwa karibuni, mathalan ya Kenya iliyooshwa na ya Ethiopia iliyokaushwa na ganda. Zisage zisiwe unga laini sana. Tia vijiko viwili vya mezani, visivyofurika, katika kila kikombe cha mililita 200.

Ukiwa Nairobi, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95 kwa sababu tuko juu, hivyo yamimine mara yanapochemka. Ukiwa Mombasa, yaache yatulie dakika moja. Subiri dakika nne, vunja utando, ondoa povu, kisha onja kwa kijiko bila maziwa wala sukari. Rudia baada ya dakika kumi. Waulize watoto harufu inawakumbusha nini: limau, asali, maua, au matunda gani? Hakuna jibu la makosa.

Iwapo kuna mkulima miongoni mwa jamaa zako, mwonjeshe pia. Katika miaka ya karibuni wako wakulima humu nchini walioanza kukausha matunda mekundu yaliyochaguliwa, badala ya kuyaachia mabovu peke yake jina la mbuni. Kazi yake ni nyingi, vitanda huchukua nafasi na mvua haina huruma. Mkulima hatakubali taabu hiyo kama bei ya tunda jekundu ni sawa na ya tunda la kijani. Chama cha ushirika kinachotaka lulu hakina budi kuanza kwa kumlipa mchumaji aliyelirudia tawi mara tatu.